Mwaka Tulipokatazwa Kucheza na Wakongomani

Mechi yetu ya pili ya mpira na Wakongomani iliisha kwa matusi. Sisi tulikuwa wanawake Wakenya wa kanisa moja la Kingstanding, hapa Birmingham, Uingereza, wengi wauguzi na watunza wazee. Wao walikuwa akina mama wa Kongo mashariki wanaosali mtaa wa Small Heath. Refa alitunyima penalti, na mmoja wetu akamwambia kipa wao arudi kambi ya wakimbizi alikotoka. Uwanja ukawaka. Aliyetamka maneno hayo ni mimi.

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa aliniita baada ya ibada.

"Dada, hayo mashindano yamekwisha. Yanaleta chuki."

"Chuki niliileta mimi, mzee. Niadhibuni mimi, mashindano myaache."

"Tumeshaamua."

Kesho yake kazini nilikunja mashuka ya wazee kwa hasira. Mwenzangu wa chumba cha kufulia, Mbrazili wa São Paulo aliyeolewa na mtu wa Rio, aliuliza kulikoni. Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi juu ya kapu la nguo. Akaniambia kwao klabu za majimbo hayo mawili zilikuwa na mashindano yao. Yalianza, yakasimama miaka mingi, yakarudi. Mara moja yalikatizwa katikati. Mwaka mwingine timu nne zilipewa ubingwa pamoja, kwa sababu Kombe la Dunia lilikuwa linakaribia na hapakuwa na siku za kucheza fainali. Mwishowe ligi ya taifa ikayabana, yakafa.

"Watu wa Rio wanasema sisi hatujui raha," alisema. "Sisi tunasema wao hawajui kazi. Lakini kila yaliporudi, baba yangu alikuwa uwanjani. Bila wao, angemzomea nani?"

Jumamosi nilipanda basi hadi Small Heath, kwa yule kipa. Alifungua mlango akiwa na kisu na kitunguu mkononi. Hakunikaribisha ndani.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia kambini," alisema. "Usiitaje tena ile kambi kama tusi."

"Sitaitaja."

"Bon, sawa. Siye tutacheza. Kamati yenu ni yenu."

Tukapanga Jumamosi iliyofuata, kwenye bustani iliyo karibu na kwao. Habari zilimfikia mwenyekiti kabla sijafika nyumbani. Akatuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp: atakayecheza atatolewa kwaya. Nilimjibu hapo hapo, mbele ya kanisa zima: "Tutaanza saa nane. Karibu, mzee."

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa nane kasoro dakika chache tulikuwa tisa. Mbrazili wangu akaja na viatu vya mwanawe, akasema yeye hacheki na mpira. Tukawa kumi. Kisha gari likasimama, akashuka mke wa mwenyekiti, njumu kwenye mfuko wa sokoni.

"Mzee anajua uko hapa?" nikamuuliza.

"Ana macho," alisema, akaanza kufunga kamba.

Walitufunga tano kwa mbili. Kipa wao alidaka shuti langu moja ambalo mpaka leo naamini lilikuwa goli, na nilipoteleza kwenye tope akanivuta mkono nikasimama, kisha akanisukuma nirudi kwangu. Watoto wetu walishangilia kwa Kiingereza, na nusu yao walishangilia upande usio wao. Hakuna aliyetukanwa. Refa alitukanwa kidogo, lakini huyo alikuwa mume wangu.

Jumapili tulitolewa kwaya, kama tulivyoahidiwa. Walibaki wanne pale mbele, wanaume watupu. Wimbo ulipoanza, mke wa mwenyekiti alisimama kwenye benchi letu, nami nikasimama, na wote waliocheza wakasimama. Tukaimba kutoka hapo hapo, sauti ya kwanza na ya pili, kwa nguvu zote. Mwenyekiti aliinamisha kichwa kwenye kitabu chake cha nyimbo. Hatukupunguza sauti.