Ya Kunywa au ya Kupaka

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tumetoka ibadani huko kwetu Marangu, watu wamesimama nje ya kanisa wakijuliana hali, na mimi nimesimama katikati yao nikijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda China kusomea ufamasia, na kwa miezi mitatu nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu Moshi mjini siku za wiki, nikijifunza Kichina ili nikifika kule nisianze mikono mitupu.

Mwalimu wetu tulimwita Mama Wei. Mumewe alikuwa mhandisi wa barabara, na yeye alikuwa amefundisha shule kwao kabla ya kumfuata mume huku. Tulikuwa wanafunzi wanne sebuleni kwake. Kwa kuzungumza, wenzangu hawakunifikia. Sauti zile za kupanda na kushuka nilizishika mapema, nadhani kwa sababu Kichagga chetu nacho kina za kwake. Lakini kuandika kulinichosha, sikufichi. Kila neno lina alama yake, na kila alama ina mistari inayofuatana kwa utaratibu, huu kwanza, huu baadaye, huu wa mwisho. Mama Wei alitaka tuandike alama moja mara hamsini katika daftari la hesabu, lile la miraba. Mimi niliandika mara tano kwa utaratibu, zilizobaki nikaanzia popote, bora tu zifanane.

Siku moja alisimama nyuma ya kiti changu akatazama.

"Eliaika, wewe unachora," aliniambia kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mimi nimesema andika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa Jumapili ile, akanijia Babu Elifasi, jirani yetu, mzee aliyenibeba nikiwa mchanga. Magoti yalikuwa yakimsumbua tangu masika. Miaka ile bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kujaa sokoni, na mpwa wake alikuwa amemnunulia chupa ya dawa kule Himo. Muuzaji alisema ni ya maumivu ya viungo, basi. Karatasi yote ya chupa ilikuwa ya Kichina.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye msomi wetu," akasema akinipa chupa. "Hii ni ya kunywa au ya kupaka?"

Watu wakasogea wasikie. Mwanangu, Mama Wei alikuwa ametufundisha alama mbili siku moja, ya "nje" na ya "ndani", na akatueleza kwamba kwenye dawa ile ya ndani maana yake inywewe, na ile ya nje maana yake ipakwe. Mojawapo niliiona pale, imeandikwa kwa wino mwekundu. Ila ni ipi? Kwa sura nilizijua zote mbili. Ipi ni ipi, sikujua.

Nikainua macho. Mama yangu alikuwa akitabasamu, na wenzake wakimtazama kwa wivu mzuri.

"Ya kunywa, babu," nikasema. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Hata hicho kijiko nilikitunga mwenyewe.

Kesho yake darasani Mama Wei akatusomea maneno tuyaandike. Alipotaja "nje", nikabaki na kalamu hewani, nikachungulia daftari la mwenzangu. Alikuwa ameiandika vizuri, mistari mitano. Ndiyo ile alama nyekundu ya kwenye chupa.

Nilisimama nikamweleza mwalimu mbele ya wote. Hakunigombeza. Alinifungulia mlango akasema, "Nenda haraka."

Nilipata gari hadi Himo, pale nikapata pikapu iliyonifikisha Marangu Mtoni, kisha nikapanda mlima kwa miguu. Sijui kama nilikuwa nakimbia au natembea. Nilikuwa nahesabu vijiko tu: cha jana jioni, cha leo asubuhi. Nilipokaribia kwa Babu Elifasi nikaona wanawake wengi uani kwake, kati ya migomba. Mwanangu, mahali petu wanawake wengi hawakusanyiki uani kwa mtu siku ya kazi bila sababu. Nikaegemea ua wa mimea ya masale nikashindwa kuingia.

Ndipo nikasikia mashine ya kumenyea kahawa. Walikuwa wamekuja kusaidia mavuno. Na Babu Elifasi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, akichambua punje mbovu.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba. Mbona leo si siku yako ya kuja?"

"Ile dawa, babu. Umekunywa?"

"Sijainywa. Iko juu ya kabati."

Nikakaa chini hapohapo kwenye majani nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikanyamaza, akaendelea na punje zake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, wale wanawake wasisikie:

"Jana nilipokuuliza, uliitazama chupa kidogo tu. Halafu ukatutazama sisi, mmoja mmoja. Nikasema moyoni, huyu mtoto hajui, anaona aibu."

"Mbona hukuniambia palepale, babu?"

"Mbele ya mama yako? Ile ilikuwa siku yake ya furaha." Akatupa punje moja mbovu. "Lakini wewe unakwenda kusomea dawa, Eliaika. Watakaokuja kukuuliza huko mbele hawatakuwa wamekulea. Hawatakusoma uso. Watakunywa."

Niliomba chupa, nikaisoma tena kwa makini, nikampaka mwenyewe magoti yote mawili. Mkewe, Bibi Anasia, ambaye hakujua lolote, akaniletea sahani ya kiburu, ndizi na maharage yaliyoiva hadi kuchanganyikana, na nikala kama mtu aliyefunga siku tatu. Sijapata kula chakula kitamu namna ile tena. Kila nilipomtazama yule mzee akichambua kahawa, nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Nilirudi Moshi nikaandika alama ile mara hamsini, mstari kwa mstari, na nyingine zote nilizokuwa nimezichora. Zilinichukua wiki tatu. China nilikwenda, nikasoma, nikarudi, na nimetoa dawa kwa watu mpaka nikastaafu.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu nawe unaanza kazi ambayo watu watakuamini kabla hujastahili. Usijifunze kitu kwa sura yake tu. Pitia mistari yote, hata ile inayochosha, maana siku ya kuulizwa hutapewa muda wa kuchungulia kwa jirani. Na ukiulizwa usilolijua, sema "sijui, ngoja nikaulize", hata kama mama yako amesimama pale anatabasamu. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi nilipona kwa sababu mzee mmoja alinipenda kiasi cha kunisoma uso, na wengi hawampati mtu wa namna hiyo.

Mungu akupe mkono usioruka hatua, na ulimi usioona haya kuuliza. Wote watakaopokea kitu mkononi mwako, waamke kesho yake wakiwa wazima.