Kaseti Mbili za Bao

Jioni ile ya mwaka 1986 nilikuwa nyumbani kwangu Ibra, Oman, nimeshaswali magharibi, nimesimama dirishani. Binti yangu Badriya alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Muscat na kaka yangu Amur, na habari waliyoifuata ilikuwa moja: mchezo wake wa kompyuta utachapishwa au hautachapishwa. Kila gari iliyopunguza mwendo nilidhani ni yao. Nilikuwa nimepika wali, nimeufunika, nimeufunua, nimeufunika tena.

Badriya nilimzaa Unguja, nikamleta Oman ana miaka kumi na mbili, hajui Kiarabu zaidi ya cha kuswalia. Skuli wenziwe walimcheka kwa lugha, naye akawajibu kwa hesabu. Alipotimia ishirini na mbili alikuwa mwalimu wa hesabu wa skuli ya wasichana, na likizo moja akaja na boksi kutoka Ruwi, mtaa wa maduka wa Muscat. Ndani mna kitu kama taipureta isiyo na pa kutilia karatasi. Akakiunga na televisheni.

"Hii kompyuta, mama."

"Inafanya nini?"

"Haijui kitu mpaka ifundishwe."

"Basi ni kama mjomba wako," nikasema, na Amur yupo papo hapo, anakula.

Nilidhani atakichoka baada ya mwezi. Badala yake akaja kuniuliza habari za bao. Mimi skuli niliishia darasa la nne, lakini bao nalijua. Kaka zangu walinifundisha uani kwetu Mkunazini, Unguja, kwa sababu walitaka mtu wa kumfunga, na baada ya mwaka wakajuta. Basi nikawa mwalimu wa mwalimu. Mimi nacheza, yeye ameshika daftari. Kwa nini umekula huku, mama? Kwa nini umesita? Hata sikujua kama nasita.

Taabu ilikuwa nyumba. Kwenye bao kuna shimo moja linaitwa nyumba, ndimo zinamorundikwa kete. Mkono wako ukiishia pale una hiari: ulale, uzilinde kete zako, au usafiri, uzizoe zote uzitawanye ubaoni na lolote liwe. Mimi sisafiri. Sijapata kusafiri. Na kompyuta ikarithi woga wangu, ikakaa juu ya nyumba yake kama kuku anayelalia mayai. Amur akaifunga mara saba kwa siku moja.

"Hii mashine ni wewe mtupu," akaniambia. "Imebaki kuniuliza kama nimekula."

 Badriya akajifungia na daftari lake, akaifundisha kusafiri bila ya kuniambia. Ijumaa moja nikakaa nayo, nimeshaizoea, na katikati ya mchezo ikazoa nyumba nzima, ikazunguka, ikala, ikazunguka, ikala, ikanisafisha. Nilicheka mpaka ushungi ukaniangukia mabegani. Kufungwa na kitu nilichokifundisha mwenyewe!

Sasa, Ruwi kulikuwa na mtu akiitwa Soud bin Marzouq. Alianza kwa kunakili kaseti za nyimbo nyuma ya duka la kutengenezea redio. Mwaka 1983 akachapisha mchezo wake wa kwanza wa kompyuta, wa ngome na majeshi, kwa Kiarabu, ukachezwa mpaka Nizwa na Sur. Tangu hapo akawa hataki mingine ila ya vita na hila. Alikuwa nayo mitano. Siku ile waliyokwenda Badriya na Amur ndiyo aliyoiweka kuchagua wa sita, kwa sababu lebo zilikuwa zinakwenda kiwandani kesho yake.

"Akikataa, kompyuta inarudi ndani ya boksi," Badriya alisema wakati wa kuondoka, huku anacheka. Lakini mimi nilikuwa nimeliona lile boksi chini ya kitanda chake, limefutwa vumbi.

Basi kungoja kukanishinda, nikatafuta la kufanya. Michezo ile ilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, zizi hizi tunazotumia sisi kupelekeana sauti. Mimi na dada yangu Kaltham, aliyebaki Unguja, hatuandikiani barua. Tunasema kwenye kaseti, tunampa msafiri. Yangu nilikuwa nimeimaliza wiki ile. Nikaitia kwenye redio nisikilize kama nimemsahau mtu katika salamu.

Ikatoka sauti kama paka aliyebanwa na mlango.

Nikaitoa. Imeandikwa Bao, kwa mkono wa Badriya: ndiyo ya mchezo wake. Na yangu mimi pia niliiandika Bao, kwa sababu nusu ya habari nilizompa Kaltham ni za bao.

Mwanangu alikuwa amekwenda kwa Soud na sauti yangu. Simu ipo kwa jirani, Bi Radhia, lakini nambari ya Soud anayo Badriya mkobani. Nikakaa chini, nikaanza kukumbuka niliyoyasema. Salamu za watu thelathini. Goti langu. Nilivyofungwa na kompyuta. Halafu nikalikumbuka na hili: "Na huyo Soud, Kaltham, lazima ana tumbo. Wenye makampuni wote matumbo yao ndiyo yanayotangulia." Kilio na kicheko vikanijia pamoja, vikagombania njia.

Gari ikasimama. Mlango ukagongwa.

"Mama, fungua."

"Badriya, ile kaseti..."

"Tumeisikia. Kompyuta yao ilingoja, ilingoja, mwisho wakaitia kwenye redio. Pande zote mbili."

"Salamu peke yake robo saa," akasema Amur.

"Kwani mwenyewe anajua Kiswahili?"

"Kazaliwa Bujumbura, mama."

Nikalishika komeo, nisifungue. "Na mchezo?"

"Kasema mchezo unaomfurahisha mtu kwa kumfunga ndio anaoutafuta. Ameuchukua. Ila kaseti yenyewe anaitaka leo leo, ndiyo amekuja nasi."

"Yuko wapi?"

"Hapa."

 Halafu sauti nene, ya Kiswahili cha bara, ikapita mlangoni.

"Shikamoo, mama. Lile tumbo nimelileta."

Nikauvuta ushungi mpaka puani. Naweza kulala, nikawaza, wakae nje mpaka asubuhi. Basi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasafiri: nikavuta komeo, mlango ukafunguka, na tumbo ndilo lililotangulia kuingia.