Mto wa Baba Haufiki

Baba alisomea umwagiliaji Tashkenti enzi za Wasovieti, akarudi Mbeya na mto mmoja kichwani: Zarafshani. Hata tulipohamia Johannesburg alikuja nao. Kila tukila usiku, tunaushuka kwa maneno. Unazaliwa kwenye barafu milimani, unapita Panjikenti, Samarkandi, halafu Bukhara. Zamani sana ulimwaga maji yake Amu Darya, mto mkubwa. Lakini watu wakauchota kwa mifereji karne kwa karne, wakaja wakulima wa pamba wakamalizia, na sasa unafia mchangani. "Wa juu wanakunywa, wa chini wanangoja," baba alikuwa akisema. Jamani, nilikuwa nimeuchoka mto ule!

Mwaka jana akaanza kusahau. Anavuka barabara taa za roboti zikiwa nyekundu, anamuulizia mama ambaye tulishamzika. Mimi ni fundi cherehani, udaktari nitautoa wapi? Nikaona nimshikilie kwa mto. Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye mashine: "Shikamoo baba. Mto wetu unapita wapi?" Bukhara ikamtoka kichwani kwanza. Kisha Samarkandi. Nikimkumbusha anaitikia kwa adabu tu, kama mgeni aliyeshiba anayeongezewa ugali. Niliogopa. Barafu nayo ikimtoka, nilijua anayefuata ni mimi.

Mwezi uliopita mabomba yakakauka tena hapa mtaani kwetu Troyeville. Nikaenda na ndoo kupanga foleni kwenye gari la maji. Kurudi, mlango wazi, baba hayupo. Eish, roho ilinitoka! Nikamtafuta mpaka mtaa wa Bertrams, pale kijito kinapotokea chini ya jiji kwenye mfereji wa zege. Alikuwa ndani, suruali kakunja magotini, anatoa mifuko ya plastiki na matambara kwa mikono mitupu.

"Baba! Unataka kuniua?" nilifoka kwa hasira. Akaendelea kuzoa matambara. Nikashuka, nikamwamkia.

"Marahaba, mama," akajibu. "Hebu nisaidie kuzibua. Wa juu wamefunga maji, na kule chini nina binti yangu anangoja."

"Yukoje huyo binti?" nikamuuliza.

Akanitazama usoni, matambara yakimchuruzika maji mkononi.

"Mkali. Anashona nguo," akasema. "Ukimwona mwambie asikate tamaa, baba yake bado anazibua."

Nikamwambia nitamfikishia. Nikakunja gauni, nikaingia majini, tukazibua wote wawili huku nalia, naye ananipa pole asijue ya nini.