Barua za Waturuki, Barua ya Mke Wangu

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka waasi wa msituni na wote walioshukiwa kuwasaidia, nilikuwa karani wa mzungu mzee katika shamba la kahawa karibu na Ruiru. Zamani alifundisha historia kwao. Sasa macho yake yalikuwa yamefifia, naye alikuwa anaandika kitabu: yeye akisema, mimi napiga taipu.

Kitabu kilihusu wasomi wa Italia baada ya Waturuki kuuteka mji wa Konstantinopoli. Kwa hofu, wasomi wale waliwaandikia wafalme wakiwasihi waungane. Hapo, alisema mzee, ndipo Ulaya ilipoanza kusemwa kama nyumba moja, na Mturuki akaitwa mshenzi, adui wa elimu.

"Kwani Waturuki hawakuwa na vitabu vyao?" nilimwuliza.

"Walikuwa navyo tele. Lakini mtu mwenye hofu haulizi hayo."

Nilimpenda kwa jibu lile.

Wiki hiyo hiyo mke wangu alikamatwa kwetu Gatuanyaga. Watu walipangwa mstari, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akaitikia kwa kichwa mke wangu alipofikiwa, kuashiria kwamba ni wa waasi. Basi. Akapelekwa kizuizini Thika.

Nilimwomba mzee aandike barua ya kumtetea.

"Simjui mkeo," alisema.

"Unanijua mimi, Bwana. Huu ni mwaka wa tatu."

"Siku hizi nani anamjua nani?"

Akasogeza kiti chake nyuma. Ndipo nikaona kwamba ananiogopa.

Niliipiga taipu barua mwenyewe, nikaichanganya na barua zake za siku ile. Akatia saini bila kuiona. Asubuhi nikaipeleka Thika. Afisa akaisoma, akanirudishia.

"Umechelewa. Walipakiwa kwenye lori jana."

"Wamepelekwa wapi?"

Akamwita mtu aliyenifuata kwenye foleni. Nilikaa chini nje ya ofisi ile, vumbini, nikalia mpaka askari aliponisukuma kwa buti.

Niliporudi nilimweleza mzee nilichofanya, kwani sikuona tena cha kuficha. Nilingoja aite polisi. Badala yake akaomba karatasi. Akaandika kwa mkono wake, herufi zikipandana, barua kwa kila kambi ya kizuizi ambayo tulijua jina lake. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Mke wangu alirudi baada ya miaka miwili. Nilikuwa shambani kwetu Gatuanyaga nikipalilia. Alisimama mbali, akaniita mara mbili, na bado sikumtambua.