Ndoo ya Maji ya Wajawazito

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2012 pale Kibondo, nilifukuzwa jikoni. Nilikuwa nimechukuliwa kupika na kuchemsha maji katika nyumba ya kungojea, yaani nyumba wanayokaa wajawazito wa vijiji vya mbali mpaka uchungu uwaanze. Nikaipua sufuria ilipoanza kutoa moshi. Metroni, mkubwa wa wauguzi, akaniuliza, "Mama, hayo yamechemka?"

"Yamechemka, Metroni. Huoni moshi?"

"Hata mimi kwa baridi hii ya asubuhi natoa moshi mdomoni. Nimechemka? Toka nje, urudi ukiwa tayari kuona maji yanaruka."

Nilirudi. Nilikuwa nimezaa, nimezika, nina wajukuu. Kufundishwa kuchemsha maji kuliniuma. Lakini Metroni aliniambia kwamba ndani ya maji mna wadudu wasioonekana, na kwamba homa ya matumbo au kuhara kwa mjamzito huweza kumtoa mtoto kabla ya wakati. Mimi niliishia darasa la tatu. Niliyakodolea macho yale maji, meupe kama machozi, nikashangaa kifo kinavyoweza kujificha mahali peupe namna ile.

Baadaye nikahamishiwa Kasulu, chini ya Bwana Afya, mkaguzi wa usafi wa vyakula. Tulizunguka stendi tukiwafundisha akina mama wenye mimba wanaopanda mabasi. Sheria yake ilikuwa fupi: ule cha moto kilichoivishwa ukiona, au kile unachokimenya mwenyewe. Ndizi mbivu, kula. Yai lililochemshwa likakauka ndani, kula, ila limenye wewe. Nanasi lililokwisha kukatwa, nzi wamelionja kabla yako, liache. Maziwa mabichi, na mtindi wa maziwa ambayo hayajachemshwa, uache hata kama umepewa na shangazi.

"Bwana Afya, unaniharibia biashara!" alilia muuza mananasi.

"Nakutunzia wateja, mama. Wakifa utamuuzia nani? Funika mananasi yako, ukate mteja akishafika."

Kisha ukaja mwaka 2015, watu wakaanza kuvuka kutoka Burundi. Nikapelekwa kituo cha kupumzikia upande wa Buhigwe, ambapo waliotembea kwa miguu walingoja mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mkubwa wangu sasa alikuwa Muuguzi Kiongozi, mwanamke wa Tanga, Kiswahili chake kitamu kama asali ya Kibondo. Kuni za kuchemsha maji ya watu wote wale hazikuwepo, kwa hiyo tulitumia dawa ya maji, klorini: unatia vidonge kwenye ndoo, unafunika, unasubiri nusu saa. Maji yanakuwa salama, ila yananuka kidogo.

Harufu hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Asubuhi moja lilifika kundi la wanawake, wengi wajawazito, midomo imepasuka kwa kiu, nao wakakataa maji yetu. Uji pia wakaukataa, maana ulipikwa kwa maji yale yale. Msemaji wao aliitwa Kapitolina, mimba yake kubwa, miguu imevimba. Mkononi ameshika kidumu cha maji ya bondeni, rangi ya chai ya maziwa. Wenzake walioyanywa njiani walikuwa tayari wanakimbilia vichakani.

"Binti, mtoto anacheza?" nikamuuliza.

"Tangu jana hajacheza."

Nikaogopa. Kwetu Waha, kama kwao Warundi, mwenye nyumba husogongera, yaani huonja kinywaji kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone hakuna sumu. Nikajaza kikombe changu kwenye ndoo ile ile, nikanywa mpaka tumbo likalia.

"Oya, mukecuru," akasema Kapitolina, yaani hapana, bibi kizee. "Wewe tumbo lako limeshafunga duka. Walituambia njiani, maji yanayonuka yanaangusha mimba. Wewe yatakuangusha nini?"

Wanawake wakacheka, na kiu yao ile. Nami nikamjibu, "Duka limefungwa, lakini mali ilitoka!" Wakacheka tena. Wala hakuna aliyekunywa. Kapitolina akaanza kufungua kidumu chake.

Muuguzi Kiongozi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akapita mbele, akaushika mkono wa Kapitolina, akauweka tumboni mwake mwenyewe, pale gauni jeupe lilipokuwa limelegezwa mshono bila sisi kujua.

"Miezi minne," akasema. "Mimba mbili zilitoka kabla ya hii. Anajua mume wangu, anajua Mungu, na sasa mnajua ninyi."

Kwetu mimba changa haitangazwi. Inafichwa hata kwa mama mkwe, na aliyekwisha kupoteza huificha zaidi. Na huko Tanga, aliniambia baadaye, ni vivyo hivyo. Akajaza kikombe, akanywa chote, akakipindua tuone.

"Haki ya Mungu ni mimba?" Kapitolina akauliza, mkono bado uko pale pale.

"Haki ya Mungu, mdogo wangu. Na maji haya nayanywa kila siku."

Kapitolina akakiweka kidumu chini. Nikampa kikombe safi. Akanywa taratibu, akaomba kingine, kisha kingine. Sote tulilitazama tumbo lake kama watu wanaongoja mwezi wa Idi uandame. Akainama, viganja tumboni, akangoja. Halafu akainua uso.

"Amecheza!" akasema, akaanza kulia. "Amenipiga teke!"

Foleni iliyotokea pale sijaiona tena. Nilitia vidonge kwenye ndoo nyingine.

Mwisho wa mwaka ule magoti yalikataa kazi, nikaiacha, nikarudi kwangu Nyakitonto. Wajukuu wakisafiri na mimba huwa nawaambia bila kuremba: maji usiyoyajua usinywe, na usione haya kukataa sahani ya mtu. Lakini kabla sijarudi nyumbani nilipita Kasulu kumjulia hali Muuguzi Kiongozi, aliyekwenda kujifungulia huko. Nilimkuta amejifungua salama, mtoto wa kike, kichwa kimejaa nywele.

Wengine huzaliwa kwanza ndipo waanze kazi. Yule alifanya kazi akiwa hajaiona hata siku moja ya dunia. Nilipompakata nikamwambia, "Shikamoo."

Mama yake akacheka. Mimi sikuwa natania.