Kitambaa cha Mama Mueni

Nikinusa raba mpya ya penseli, narudi Kaloleni, kwenye sebule ya Mama Mueni ambamo kila kitu kilivalishwa kitambaa cha kufuma: redio, viti, hata chupa ya chai.

Mama Mueni alikuwa jirani yetu, na simu yake isiyo na waya ndiyo iliyotuunganisha na Mjomba, aliyefanya kazi Mombasa. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nikaacha shule niwalee wadogo wangu, Kioko na Ndinda. Mjomba alipiga kila Jumapili baada ya kanisa. Simu ilipoanza kumkatikia, alikosa amani. Alisema asipotupata Jumapili ijayo, atakuja awachukue wadogo wangu na kuwagawa kwa jamaa.

Jumamosi simu ikafa kabisa.

"Mwende, si wewe ndiye daktari wa tochi hapa? Hebu iangalie," Mama Mueni akasema. "Fundi yuko mbali."

Kipimo cha umeme sikuwa nacho. Nilichomeka redio kwenye soketi ileile, ikaimba. Basi stima ilikuwapo. Nikafungua simu kwa kisu, nikagusisha nyaya za betri kwenye balbu ya tochi. Giza. Nikaondoa kitambaa kipya alichokitandika juu ya kitako cha simu, pale inapolazwa ichajiwe, nikasugua vyuma vya kuchajia kwa raba yangu ya shule hadi vikang'aa, kisha nikairudisha simu mahali pake. Kitaa chekundu kikawaka. Tulipomaliza kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, niliijaribu betri tena na balbu ikawaka.

Kwa furaha, Mama Mueni akatandika kitambaa chake palepale na kuilaza simu juu yake. Kitaa kikazimika.

Kioko akacheka. "Mama Mueni, umeiziba mdomo. Itakulaje?"

"Nyamaza, wewe," akasema, ingawa yeye ndiye aliyecheka zaidi. Kitambaa kikahamia chini ya kitako.

Mjomba alipopiga Jumapili, Mama Mueni ndiye aliyepokea. "Tunasikizana kwa sababu ya Mwende," alimwambia. "Mtu kama huyu unamnyang'anya wadogo wake kwa nini?" Hakuna aliyechukuliwa.

Kwa miaka mingi niliisifu raba yangu. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipokumbuka kwamba fundi wa redio aliishi mlango wa tatu kutoka kwa Mama Mueni. Kila jioni tulisikia redio zake zikikoroma. Mama Mueni hakuniita kwa kukosa fundi; alikuwa akitafuta la kumwambia Mjomba kunihusu.