Jembe la Siku ya Tatu

Bi Leah wa Richfield alikuwa na maneno machache kwa mkwewe na maneno mengi kwa watu wengine wote. Alizaliwa Mpwapwa, akasoma mpaka darasa la saba, na asiyejua uzito wa darasa la saba la zamani hizo asithubutu kumcheka. Miaka kumi na moja sasa alikuwa Minnesota, Marekani, kwa binti yake Pamela, akilea mjukuu, akizoa theluji mlangoni kwa koleo, na kila ndege iliyopita juu ya paa ikienda kutua aliinulia macho akijua ipo siku itakuwa zamu yake.

Desemba hiyo zamu ikafika. Likizo ya Pamela ilikuwa siku kumi na mbili, na ratiba aliipanga mkwe, Jeremiah, kijana wa Moshi anayefanya kazi za kompyuta. Aliichapa kwenye karatasi yenye picha za rangi, akampa mkewe amfikishie mama. Siku tisa zilikuwa za Hurghada, mji wa starehe huko Misri, jangwa upande huu na Bahari ya Shamu upande ule. Siku moja ya kushinda angani. Mbili za Mpwapwa.

"Misri ni njiani tu, Mama," Pamela alisema. "Utapumzika. Wewe si unapenda jua?"

Bi Leah alivaa miwani, akaisoma karatasi mara mbili.

"Mwambie baba ahsante," akasema.

Angesema nini? Kwao mama mkwe na mkwe hawagonganishi macho, seuze maneno. Mkwe akileta kitu, unapokea kwa mikono miwili na kujiinamia. Lakini huko Mpwapwa alikuwako dada yake, Abigail, sasa ana miaka sabini na tisa na macho yamefifia. Abigail ndiye aliyeacha shule darasa la pili ili alfajiri achimbe maji kwenye mchanga wa mto mkavu, Leah apate kuwahi kengele. Na hawajaonana miaka kumi na moja. Siku mbili!

Jumamosi akaja Kerubo, Mkisii anayekaa Fridley, mji wa karibu, muuguzi mwenzake Pamela. Kerubo alikwenda Hurghada mwaka jana, na tangu arudi hakuna aliyepumzika. Kabla hajavua viatu vya theluji alikwisha kuiunganisha simu yake na televisheni. Jeremiah alikuwa jikoni anaosha vyombo, na majiko ya nyumba zile hayana mlango. Likisemwa sebuleni, limesikika kwenye sinki.

"Aki Shosho, utaenjoy!" alisema, maana kwao Kenya bibi ni shosho. "Ona hii boti, chini ni kioo. Samaki unawaona hivi hivi."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Mnawala?"

"Hapana, Shosho! Mnawaangalia tu."

"Maskini. Sisi samaki tulimjua mkavu, katoka guniani, na hatukumtazama muda mrefu."

Kerubo akacheka, akapitisha picha. Likatokea bwawa la kuogelea, na watu wamelala kando yake kama nguo zilizoanikwa.

"Na ile buluu nyuma yake ni nini?" Bi Leah akauliza.

"Si ndiyo bahari."

Bi Leah akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. Bahari ilikuwa bado ipo.

"Mungu kaimwaga bahari yote hiyo, na wao wamechimba dimbwi kando yake. Jangwani! Maji ya dimbwi nani kayachota?"

Kerubo akaharakisha kwenye picha ya ngamia. Juu alikuwa yeye mwenyewe, mdomo wazi, na mbele bwana mmoja mwenye kilemba anavuta kamba.

"Huyu bwana anamwongoza ngamia," alisema Bi Leah. "Wewe ulikuwa unafanya nini huko juu?"

"Nilikuwa nimempanda, Shosho."

"Ulikuwa mzigo."

Jikoni Jeremiah akakohoa, kikohozi cha mtu aliyemeza kicheko.

Zikaja pikipiki za magurudumu manne, zinapanda na kushuka vilima vya mchanga, wapandaji wamejifunga vitambaa puani. Bi Leah akasema yeye amekula vumbi miaka ishirini bila kufunga safari, na hakuna aliyempigia makofi. Zikaja picha za wazee waliofukiwa mchanga wa moto mpaka shingoni, eti dawa ya magoti. Bi Leah akasema kufukiwa kupo, wala hakuna aliyekukosa. Haraka ya nini?

"Ngoja basi, hii ndiyo tamu kuliko zote," alisema Kerubo, naye sasa anajitetea. "Kijiji cha jangwani. Mnapelekwa na basi, mnaona wenyeji wanavyoishi."

Kwenye kioo alikuwa bibi kizee amechuchumaa, anaoka mkate juu ya bati la moto. Wageni wamemzunguka, kila mmoja na simu yake. Picha iliyofuata, kijana anateremsha ndoo kisimani. Iliyofuata, ndoo imetoka na maji, na watu wanapiga makofi.

Bi Leah aliinuka, akaenda mpaka karibu na televisheni.

"Huyu mama anaitwa nani?"

"Sijui, Shosho."

"Ulimwamkia?"

"Tulikuwa watu arobaini!"

"Mkate wake mlikula?"

"Tulikula, ulikuwa mtamu sana."

"Mkakaa kwake muda gani?"

"Kama saa moja hivi. Halafu basi likapiga honi."

Hapo Bi Leah akaligeuzia jiko mgongo, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Kerubo mwanangu, wewe si mkwe wangu, kwa hiyo nakwambia wewe. Watu wazima arobaini wanaingia kwa mwanamke, wanakula, wanampiga picha, wanaondoka hawajui hata jina lake. Hao si wageni, hao ni nzige! Na mimi ndivyo ninavyopelekwa kwa Abigail. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nitawekewa kiti, nitachinjiwa kuku, na kabla jembe halijatolewa ndani, basi linapiga honi. Dada aliyenichimbia maji anihesabu mgeni? Afadhali nisiende kabisa."

"Mama!" Pamela, aliyekuwa akitazama nao, aliruka kutoka kwenye kochi. "Kwa nini hukusema?"

"Nani kasema? Mimi naongea na Kerubo."

Bomba la jikoni likafungwa. Jeremiah akatokea anafuta mikono, macho yake sakafuni, akamwelekea mkewe.

"Mama Valentina, nauliza tu. Mtu akiunganisha pale Cairo, ndege ya Dar si ipo siku hiyo hiyo?"

"Peke yake?" Pamela akashtuka. "Na umri huu?"

Bi Leah aliijibu televisheni. "Kuna mtu alikuja nchi hii peke yake na begi la dagaa, akahojiwa uwanjani na watu watatu, na dagaa wakafika."

Kisha akamgeukia mjukuu aliyekuwa ameinamia simu yake. "Valentina, mwambie baba yako ahsante."

Valentina akajibu kwa Kiingereza kwamba baba si huyu hapa amesimama?

"Mwambie hivyo hivyo."

Ikawa hivyo. Hurghada ikapungukiwa mtu mmoja, wala haikulia.

Januari, theluji imefika magotini, Kerubo alikuja tena kunywa chai. Safari hii picha zilikuwa za Pamela: boti, dimbwi, na Jeremiah juu ya ngamia, anavutwa kamba. Bi Leah alizitazama zote kimya, kwa heshima ya mkwe.

"Na zako, Shosho? Hukupiga hata moja?"

Bi Leah akaweka kikombe chini, akafunua viganja. Malengelenge manne, mawili yamepasuka na kuanza kuota sugu.

"Siku ya tatu asubuhi," alisema. "Kabla ya chai."

Kerubo akapiga makofi, na safari hii Bi Leah hakuyakataa. Lakini liko moja hakulisema. Asubuhi ile Abigail alisimama ukingoni mwa shamba, haoni ila vivuli, akawa anasikiliza jembe linavyoingia ardhini.

"Leah," akasema, "unalima kama mtalii."

Hilo halikumhusu Kerubo.